JICHO NI AMANA: JUA LIKIPATWA, TUSIMAME KUSWALI, TUSILIKAZIE MACHO



Ndugu zangu katika imani, jua likipatwa watu wetu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hujifungia ndani na watoto, likisema ni mkosi au kuna mkubwa atakufa. Kundi la pili hutoka na beseni la maji, kioo chenye masizi na filamu ya eksirei, likakaa kutazama kama linaangalia sinema. La kwanza limeharibu itikadi. La pili linaharibu macho.

Tuanze na la kwanza. Jua lilipatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam). Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, pamoja na msiba ule mzito, hakuiacha kauli hiyo ipite. Alifundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote, na kwamba tukiona hilo tukimbilie swala, dua na sadaka. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Basi kama halikupatwa kwa mtoto wa Mtume, litapatwa kwa mkubwa gani wa Buhigwe?

Sasa kundi la pili. Wengi tunakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, siku ya Alhamisi. Mwezi ulipita mbele ya jua, na watu wakamiminika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kuliona jua limebaki pete ya moto. Huku kwetu Kigoma pete haikuonekana, lakini sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Na hapo ndipo penye hatari. Siku za kawaida jua lenyewe linakufukuza, ukilitazama tu jicho linafumba. Likimegwa, mwanga unapungua na jicho linadanganyika, linastahimili kutazama. Lakini kile kipande kilichobaki kinachoma vilevile.

Tuelewane vizuri: kupatwa hakuliongezei jua sumu. Jua ni lile lile la kila siku. Kinachobadilika ni wewe, unalikazia macho. Lenzi ya jicho inakusanya mwanga na kuupeleka kwenye utando wa nyuma ya jicho uitwao retina, mfano wa mtoto anayewasha karatasi kwa kioo cha kukuza. Na retina haina hisia ya maumivu. Unaungua na husikii. Saa chache baadaye, au kesho yake, unaona doa katikati ya kila unachokitazama, na herufi za msahafu hazisomeki. Wapo wanaopata nafuu baada ya wiki au miezi, na wapo wanaobaki na doa hilo maisha yao yote. Hakuna dawa ya uhakika ya kulirudisha jicho lilivyokuwa.

Utasikia mtu anasema, "Sheikh, mlinzi ni Allah." Ni kweli. Lakini mbona ukipanda bodaboda kutoka Manyovu kwenda Kasulu unataka helmeti? Allah ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa wenyewe kwenye maangamizi. Na Suratul Israa, aya ya 36, inatujulisha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Jicho si mali yako. Ni amana, na mwenyewe ataiulizia.

Hebu tafakari uzuri wa Sunna hii. Mtume aliswali rakaa mbili, kila rakaa ina rukuu mbili, kwa kisimamo kirefu sana, mpaka jua likatakata. Na ndani ya swala tumekatazwa kuinua macho mbinguni, kwa onyo kali la kunyakuliwa uoni. Hadithi hiyo haikusemwa kwa ajili ya kupatwa kwa jua, ni ya swala zote. Lakini tazama matokeo yake: anayeswali macho yake yapo mahali pa kusujudu, muda wote ule ambao wengine wanajichoma.

Je, kuliona ni haramu? Hapana. Kutafakari uumbaji wa Allah ni ibada, ila kwa njia ya salama. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo, au kioo cha kuchomelea namba 14. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi hata ukivaa mitatu. Masizi, eksirei, CD na maji ya beseni si kinga. Darubini ndiyo mbaya zaidi. Na asiye na kitu atoboe katoni kwa sindano, alipe jua mgongo, aangalie umbo lake likianguka ardhini. Hata chini ya mwembe, mwanga unaopenya kwenye majani huchora vijua vilivyomegwa.

Maoni yangu ni haya: maimamu na walimu wa madrasa tusisubiri siku yenyewe. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Makka kwa takriban dakika 5, na baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki litamegwa. Tutangaze Ijumaa kabla, tuiswalishe swala ya kupatwa, na mwalimu wa sayansi awaoneshe watoto ile katoni. Mtoto aliyefungiwa ndani atachungulia dirishani. Aliyefundishwa atajilinda.

Na aliyekwisha kutazama akaona doa au ukungu, awahi hospitali. Asitie majani wala dawa ya mtu mwingine.

Ewe Allah, tuhifadhie macho yetu, na uyajaalie yawe ya kuzizingatia alama Zako. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako. Wallahu a'lam.