Vita ya Sudan ina mizizi inayofika hadi Maniema

Tangu Aprili 15, 2023, Sudan inaungua. Jeshi la taifa chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan linapigana na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana zaidi kama Hemedti. Zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makwao. Oktoba 26, 2025, RSF waliingia El Fasher, mji mkubwa wa mwisho wa Darfur uliokuwa mikononi mwa jeshi, baada ya kuuzingira karibu mwaka mmoja na nusu. Huku Kindu na Kailo habari hizo hupita haraka redioni, katikati ya zile za Goma na Bukavu. Wengi wanasema: hiyo ni vita ya Waarabu, ni mbali, sisi tuna vita yetu.

Ukifungua historia ya Sudan hadi siku ya uhuru wake, unakuta umbali huo si mkubwa hivyo.

Sudan ni nchi ya zamani sana. Ufalme wa Kerma ulisimama kando ya Nile zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Baadaye, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, mfalme Piye wa Kush alishuka na jeshi lake akaitawala Misri yenyewe. Meroe ilifua chuma na kujenga piramidi. Kwa hesabu, Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, ingawa ndogo. Zikafuata falme za Kikristo za Nubia, kisha usultani wa Funj kule Sennar tangu 1504, na ule wa Darfur, ambao El Fasher ilikuja kuwa makao yake. Kwa hiyo anayesema nchi hiyo ilianza na Waingereza anakosea, kama anavyokosea anayesema Kongo ilianza na Stanley.

Mwaka ulioharibu mambo ni 1821. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alituma jeshi kusini akitafuta dhahabu na watumwa wa kufanya askari. Khartoum ikakua kuwa mji wa serikali na wa biashara, na tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wake walipanda Nile Nyeupe kuelekea kusini. Huko walijenga vituo vya uzio wa miti vilivyoitwa zariba. Kutoka zariba walivamia vijiji, wakachukua pembe za ndovu na watu. Kwa Khartoum, kusini na magharibi palikuwa mahali pa kuwinda. Hapakuhesabiwa kuwa nchi ya raia.

Hapo ndipo Maniema inapoingia. Wakati wawindaji wa Khartoum wanashuka kutoka kaskazini, wengine walikuwa wanakuja kutoka mashariki, wakitokea Zanzibar kupitia Ujiji. Walifungua soko la Nyangwe kando ya Lualaba karibu 1860, na Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip. Livingstone alikuwa Nyangwe Julai 1871 wakati watu wa soko, wengi wao wanawake, walipopigwa risasi. Lugha yetu ilifika na misafara hiyo. Ndiyo maana wazee bado wanaiita Kingwana.

Njia mbili hizo za pembe na watumwa zilikaribiana katika msitu wetu. Mwaka 1887 mfalme Leopold alimfanya Tippu Tip liwali wa Stanley Falls, na mwaka huohuo Stanley alimwomba wapagazi 600 wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Emin alikuwa amekatika na Khartoum kwa sababu ya vita ya Mahdi, ambaye majeshi yake yaliuteka mji huo Januari 26, 1885 na kumuua Gordon. (Gordon huyo, mwaka mmoja kabla, alikuwa amekubali kazi ya Leopold kuja Kongo.) Emin aliokolewa, lakini mwisho wake ulikuwa huku: aliuawa Oktoba 1892 mashariki mwa Kongo, kwa amri ya chifu Kibonge.

Kisha ikaja zamu ya askari. Dhanis aliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, na ushindi huo ulitokana sana na wapiganaji wa Gongo Lutete, Batetela na Wakusu. Mwaka huohuo maofisa wa Leopold walimwua Gongo Lutete. Leopold hakutosheka; alitaka Nile. Dhanis akaongoza watu hao katika msitu kuelekea Sudan, wakiwa na njaa na viboko, na Februari 1897 wakaasi karibu na Ndirfi, wakaua maofisa wao, wakageuza njia kurudi kusini. Kikosi kingine cha Leopold, cha Chaltin, ndicho kilichofika na kuteka Rejaf. Sehemu hiyo ya Sudan, iliyoitwa Lado, ilibaki mali ya Leopold hadi alipokufa Desemba 1909. Basi kuna udongo wa Sudan ya Kusini uliotawaliwa na watawala walewale waliokusanya mpira kwa viboko huku kwetu.

Waingereza walipoishinda dola ya Mahdi Omdurman, Septemba 1898, walitawala pamoja na Misri kwa jina tu. Darfur waliivamia mwaka 1916, wakamuua sultani Ali Dinar. Shule, pamba na reli vilikwenda kwenye bonde la Nile. Kusini ikafungiwa kando: tangu 1922 sheria ilizuia watu wa kaskazini kuingia bila kibali. Darfur nayo ilipata shule chache za kuhesabika. Ghafla, 1946, sera ya kusini ikageuzwa, na watu walioachwa nyuma kwa makusudi wakaambiwa wao na Khartoum ni taifa moja. Kazi za serikali karibu 800 zilipogawanywa kwa Wasudani, watu wa kusini walipata 6. Agosti 18, 1955 askari wa Torit waliasi. Uhuru ukatangazwa Januari 1, 1956, vita ikiwa tayari imeanza.

Msomaji wa Kongo ataitambua picha hiyo. Sisi tulipata uhuru Juni 30, 1960 na wenye digrii wasiofika 20, na Force Publique ikaasi siku tano baadaye.

Hata baada ya hapo nyuzi hazikukatika. Mwishoni mwa 1964 na mwaka 1965, silaha za kuwasaidia Simba, waliokuwa wameshika Kindu, zilipitia Juba, na baadhi ziliangukia mikononi mwa Anyanya, waasi wa kusini mwa Sudan.

Kwa maoni yangu, vita ya leo ni tabia ya 1821 iliyorudi nyumbani. Khartoum iliwapa silaha Janjaweed mwaka 2003 ili wapigane Darfur kwa niaba yake. RSF ilitoka humo. Aprili 2023 bunduki hizo ziligeukia Khartoum yenyewe. Na mazungumzo ya Jeddah, Mei 2023, yaliwakalisha mezani wajumbe wa majenerali wawili, wote waliopitia vita ya Darfur. Wakulima wa Darfur hawakuwa na kiti.

Huku kwetu, Doha ni kati ya Kinshasa na AFC/M23, Washington ni kati ya Kinshasa na Kigali, na madini yamo mezani. Kailo inachimba kasiteriti na wolframiti tangu wakati wa Wabelgiji. Kama Darfur, haina kiti.