Uzuri wa jiwe la jikoni usigharimu mapafu ya fundi

ANAYEJENGA au kukarabati nyumba nchini siku hizi hukabiliwa na swali ambalo wazazi wake hawakulijua: juu ya kabati za jikoni aweke jiwe gani?

Kizazi kilichotutangulia kiliridhika na saruji iliyosuguliwa au vigae vyeupe kandokando ya sinki. Leo hii, matangazo mengi ya nyumba za kuuza Kilimani, Syokimau na Ruaka hayakamiliki bila neno granaiti. Jiwe limekuwa ishara kwamba mwenye nyumba naye amefika.

Hakuna ubaya katika kupenda kizuri. Hata hivyo, mazungumzo kati ya mnunuzi na muuzaji huishia kwenye rangi na bei. Maswali mawili huachwa nje. Kwanza, je, jiwe hilo litastahimili mapishi yetu? Pili, nani atalikata na atalikata vipi? Swali la kwanza linahusu mfuko wa mwenye nyumba. La pili linahusu uhai wa mtu mwingine.

Tuanze na la kwanza. Granaiti ni jiwe lililotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi. Ni gumu, halikwaruzwi ovyo na kisu, na huvumilia sufuria ya ugali inayotoka motoni. Udhaifu wake ni vinyweleo. Mafuta na manjano yakimwagika na kuachwa hupenya ndani, hasa jiwe likiwa la rangi nyeupe au kijivu. Ndiyo maana hupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, na dawa hiyo hurudiwa baada ya muda.

Mnunuzi anaweza kujipimia mwenyewe. Adondoshe maji kwenye kipande cha sampuli kisha asubiri dakika kumi. Pakigeuka peusi, jiwe hilo linakunywa, na kesho litakunywa mchuzi.

Marumaru, ambayo pia huchimbwa hapa nchini katika Kaunti ya Kajiado, hupendeza macho kuliko mawe mengi. Ubaridi wake huwafaa wanaosukuma chapati. Lakini marumaru ni jamii moja na chokaa, na chokaa haipatani na kitu kichachu. Tone la ndimu, siki au ukwaju huacha alama iliyofifia ambayo haitoki kwa kupangusa, kwa sababu si doa bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Katika nyumba ambamo kachumbari haikosi mezani, marumaru ni anasa ya kutunzwa kama yai.

Jiwe la tatu, linaloitwa kwatzi, si jiwe la kuchimbwa. Hutengenezwa kiwandani kwa kusaga mawe na kuyagandisha kwa gundi ya plastiki. Halina vinyweleo, halishiki madoa upesi, na rangi yake hailingani na bahati ya machimbo. Hata hivyo, gundi hiyo huharibiwa na sufuria ya moto. Anayeambiwa kwamba hilo ni jiwe asilia anadanganywa.

Lipo pia suala la uzani ambalo wengi hukumbuka wakiwa wamechelewa. Bamba la granaiti lenye unene wa milimita 20 lina takriban kilo 54 kwa kila mita moja ya mraba. Huo ni uzani unaozidi mfuko wa saruji. Kabati za mbao hafifu sharti ziimarishwe kabla ya kubebeshwa mzigo huo.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Nilipokuwa nikitafuta jiwe la jikoni mwangu, nilifika katika yadi moja jijini Nairobi. Vijana watatu walikuwa wakikata mabamba kwa mashine ya mkono, bila tone la maji. Walikuwa weupe nywele hadi viatu, mithili ya watu waliomwagiwa unga wa ngano. Mmoja alikuwa amejifunga kitambaa puani. Wengine wawili hawakuwa na chochote. Mwenye yadi alinihakikishia kwamba kazi yangu ingekuwa tayari baada ya siku mbili, na bei ilikuwa nafuu kuliko nilikotoka.

Wahenga walisema, rahisi haikosi ila, ghali haikosi sababu. Ila ya urahisi ule ilikuwa ikielea hewani mbele ya macho yangu.

Vumbi hilo lina madini yaitwayo silika. Kiasi chake katika marumaru ni kidogo, takriban asilimia mbili. Katika granaiti, aghalabu ni kati ya asilimia 20 na 45. Katika kwatzi ya kawaida, silika hufika asilimia 90 na zaidi. Jiwe likikaa jikoni halimdhuru mpishi. Hatari iko katika kulikata, kulitoboa na kulisugua, kwani hapo ndipo hutoka chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kitambaa hakizizuii. Huzama hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu yanayoyafanya kuwa magumu.

Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna tiba. Shirika la Afya Duniani (WHO), kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliiorodhesha silika inayovutwa na pumzi miongoni mwa visababishi vya saratani mnamo 1997. Aidha, mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa kifua kikuu.

Kwa Kenya, jambo hili ni zito. Nchi yetu imo katika orodha ya WHO ya mataifa yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Dalili za maradhi haya mawili hufanana: kikohozi kisichokoma, kupungua mwili na kukosa pumzi. Ni rahisi fundi kutibiwa kifua kikuu, kisha akarudishwa kwenye vumbi lile lile bila yeyote kumuuliza anafanya kazi gani.

Mataifa mengine yamekwisha kulipia somo hili. Madaktari wa Israel na Uhispania walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga kengele, zaidi ya miaka kumi iliyopita, walipoona vijana wakikatika pumzi kwa sababu ya kukata kwatzi. Australia ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ukataji wa jiwe hilo kuanzia Julai 1, 2024, kisha uagizaji wake kuanzia Januari 1, 2025. Agosti 2024, mahakama mjini Los Angeles ilishuhudia jopo la raia likiamua kwamba fundi mmoja aliyepandikizwa mapafu alipwe zaidi ya dola milioni 52.

Soko moja likifungwa, bidhaa hutafuta soko jingine. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Kenya itarukwa, ilhali mabamba kutoka China na India yanaingia nchini na wanunuzi hawakosekani.

Je, nasi tupige marufuku? Wapo watakaosema hatua hiyo itawanyima vijana riziki katika nchi yenye uhaba wa ajira. Hoja hiyo ina uzito. Lakini riziki inayomwacha mtu bila pumzi angali kijana haiwezi kuitwa riziki. Isitoshe, marufuku ya kwatzi pekee haitamwokoa anayekata granaiti kavu kutwa kucha.

Hatua ya kwanza ni nyepesi kuliko marufuku: maji. Mashine inayokata huku ikimwagiliwa maji hupunguza sana vumbi. Ikiongezwa barakoa maalumu ya kuzuia chembechembe na marufuku ya kufagia vumbi kavu, hatari hupungua zaidi. Gharama ya mpira wa maji haiwezi kumfilisi mwenye yadi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuwalinda wanaofanya kazi humo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo, iliyoidhinishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2019, inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi.

Tatizo ni kwamba silikosisi huchukua miaka kujitokeza. Kufikia wakati huo, kibarua amekwisha kupitia yadi tano, zote bila mkataba. Atamdai nani?

Ndiyo sababu Wizara ya Leba haina budi kuwatuma wakaguzi kwenye yadi za mawe, si viwanda vikubwa pekee. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) nalo lidai kila bamba liingialo nchini lionyeshe kiasi cha silika. Nazo hospitali za kaunti ziwe na mazoea ya kumuuliza kila anayekohoa kazi anayoifanya.

Mnunuzi naye ana nguvu kuliko anavyodhani. Kabla ya kulipa arubuni, aombe kuona jiwe likikatwa. Akiona vumbi badala ya maji, aondoke. Asikubali tundu la sinki litobolewe kavu ndani ya nyumba, kwani vumbi hilo litawafikia hata watoto wake.

Mimi niliondoka katika yadi ile na kulipa zaidi kwingineko, palipokuwa na mashine ya maji na sakafu iliyolowa. Jiwe langu si zuri kuliko la jirani. Lakini ninajua lilivyokatwa.