Kisangani: Viwanja vya mpira vinaharibika na mvua, lakini wakati wa kuvitengeneza ni miezi ya jua

Mjini Kisangani, mvua kubwa ikinyesha saa nane mchana, mechi ya saa tisa na nusu inaingia mashakani. Maji yanasimama mbele ya magoli, wachezaji wanateleza kwenye matope, na kesho yake kiwanja kinabaki na mashimo. Wengi wanalaumu mvua. Lakini mvua hiyo inajulikana: inarudi kila mwaka, karibu katika miezi ile ile. Shida ni kwamba kazi ya kiwanja mara nyingi inafikiriwa wakati maji yamekwisha kuharibu.

Mji usiokuwa na kiangazi kirefu

Kisangani iko chini ya kilometa 60 kaskazini ya ikweta. Kwa mwaka mji unapata zaidi ya milimita 1,600 za mvua, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Mvua inazidi toka mwezi wa tatu hadi wa tano, kisha toka mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Nafasi ya kufanya kazi ni ndogo: mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, na kidogo mwezi wa sita na wa saba.

Lubumbashi ni tofauti. Kule mvua inakatika karibu toka mwezi wa tano hadi wa tisa, na wanaotunza majani ya kiwanja cha gofu wanahangaika na kumwagilia. Katika inchi za Ulaya, adui wa viwanja vya gofu ni baridi. Mbele haijafika, wafanyakazi wanatoboa ardhi, wanatia mchanga, wanasafisha mifereji na kuacha majani yarefuke kidogo. Siku za barafu wanafunga sehemu laini za kuchezea, kwa sababu mguu wa mtu unavunja majani yaliyoganda.

Kisangani haina barafu, lakini somo linafaa: kila kiwanja kina msimu wake mbaya, na kazi inapaswa kumalizika mbele ya msimu huo.

Maji ni mengi kiasi gani?

Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu Kisangani, inamwaga lita 357,000 juu ya kiwanja kimoja. Ni karibu mapipa 1,800 ya lita 200. Kama udongo umekanyagwa hadi kuwa mgumu kama barabara, maji hayo hayaingii chini. Yanasimama, ao yanakimbilia kwenye parseli za majirani.

Kazi ya kuzuia hayo haihitaji mashine kubwa. Kwanza, katikati ya kiwanja pawe juu kidogo kuliko kando, ili maji yapate njia. Pili, mifereji ya pembeni ichimbwe na iendelee hadi kwenye kanivo ya barabara. Tatu, udongo uliokazana utobolewe kwa uma wa chuma na matundu yajazwe mchanga wa mto. Nne, majani yasikatwe hadi kwenye udongo: mkato mmoja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Tano, na hili ndilo gumu zaidi, kiwanja kipumzike. Majani mapya mbele ya goli yanahitaji majuma kadhaa bila viatu, na mechi moja juu ya ardhi iliyolowa inaweza kuharibu kazi yote hiyo.

Nani alipe?

Barabara za Congo zina mfuko wake wa matengenezo, FONER, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na unaolishwa hasa na kodi ya mafuta. Watu wanaweza kubishana juu ya kazi yake, lakini wanajua mlango wa kubisha. Kiwanja cha mtaa ao cha shule mara nyingi hakina mlango kama huo. Klabu inasema ni kazi ya komine, komine inatazama jimbo, na mwalimu anabaki na wanafunzi wenye mapanga. Kupaka rangi jukwaa kunaonekana na kunapigwa picha. Kutoboa udongo hakuonekani.

Wengine wanaona dawa ni majani ya plastiki, kama kwenye uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, Lubumbashi. Lakini hata hayo yanahitaji mifereji chini yake na kupigwa brashi, na baada ya miaka kama kumi yanapaswa kubadilishwa. Hayawezi kuwekwa kwenye kila kiwanja cha Mangobo, Kabondo ao Tshopo.

Pia kuna mambo ambayo mfereji hauwezi. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, mto Congo ulipanda karibu na kiwango cha mafuriko makubwa ya 1961. Kinshasa ulifikia mita 6.20. Mjini Kisangani, Lubunga na mitaa mingine ya kando ya mto iliingiwa na maji. Mwaka kama huo kiwanja cha bondeni kinazama tu. Lakini miaka mingine, adui ni kanivo iliyojaa chupa na sashe za plastiki, na hiyo salongo inaweza kuifungua.

Mtu anaweza kuuliza: pale umeme, maji na barabara zinakosekana, majani yana maana gani? Yana maana kwa sababu kiwanja kilichoachwa hakibaki wazi muda mrefu. Kinakuwa jalala, kisha wanafika wenye kamba za kupimia parseli. Kwa vijana wa mtaa, kukipata tena ni vigumu kuliko kukitunza.

Kwa hiyo bajeti ya kiwanja, hata ikiwa ndogo, inapaswa kufuata kalenda ya mvua. Mchanga na majembe yakifika mwezi wa kumi na mbili, kazi inawezekana. Yakifika mwezi wa nne, mchanga huo utaishia kwenye kanivo.