Mama Asiwe wa Mwisho Kupakuliwa

Katika nyumba nyingi za Burundi, kuanzia mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura hadi vilima vya Ngozi, mama ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Huwasha moto, huteka maji, hulima au huenda sokoni. Jioni hugawa chakula: baba na wageni kwanza, watoto baadaye, kisha yeye hujipakulia kilichobaki chunguni. Mara nyingi ndagala zimekwisha, umebaki ugali na mchuzi. Watu humsifu kwa uvumilivu wake. Lakini uvumilivu wa namna hiyo una gharama, na mama huilipa kwa damu yake.

Upungufu wa damu ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua sana wanawake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wanawake wapatao 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa nao. Damu huhitaji madini ya chuma ili ichukue hewa safi na kuifikisha mwilini kote. Kwa kuwa mwanamke hupoteza damu kila mwezi, hushauriwa apate kiasi cha miligramu 18 za madini hayo kwa siku, hali mwanamume hutoshelezwa na 8. Basi yule anayehitaji zaidi ndiye anayepakuliwa kidogo.

Dalili za ugonjwa huu huja polepole, na ndiyo maana hudharauliwa. Mama huchoka hata baada ya kulala usiku kucha. Huona kizunguzungu anapoinuka, moyo humwenda mbio na pumzi humwishia apandapo kilima. Viganja na sehemu ya ndani ya kope hupauka. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo. Udongo huo haumponyi mtu. Waweza kuuzuia mwili usipate madini ya chuma, na pengine hubeba mayai ya minyoo. Mama wa namna hii huitwa mvivu, au mwenyewe hudhani kwamba uzee umemjia mapema, kumbe ni mgonjwa anayeweza kutibiwa.

Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, na mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumwokoa. Kwa hiyo vidonge vya madini ya chuma vitolewavyo kliniki vimezwe kama ilivyoelekezwa. Choo kikibadilika rangi na kuwa cheusi, asiogope, kwani hiyo ni kazi ya vidonge. Vikimtia kichefuchefu, amweleze muuguzi badala ya kuviacha kimyakimya. Tena viwekwe mbali na watoto, maana huweza kuwadhuru vibaya.

Mwezi wa Mei 2006 Serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Hilo lilikuwa jambo jema, nao akina mama waliitikia. Hata hivyo, wengi huijua njia ya kituo cha afya kwa ajili ya mtoto tu. Kati ya uzazi mmoja na mwingine, mama hajipeleki mwenyewe hata siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha damu huhitaji tone dogo tu la kidole. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiasi kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita huonyesha upungufu.

Ni vyema kupima kabla ya kununua dawa, kwa sababu chanzo si kimoja. Malaria huharibu chembe za damu. Kinga yake ni kulala ndani ya chandarua. Minyoo ya safura hufyonza damu tumboni, nayo huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu. Kinga yake ni viatu na choo kizuri. Hedhi inayozidi siku 7, au inayolowesha kitambaa kila saa, si ya kustahimiliwa kimya bali ya kuonyeshwa kwa mganga.

Jikoni nako kuna la kufanya, hata kwa mwenye kipato kidogo. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Yale ya maharage, lengalenga na sombe huingia kwa shida. Lakini kipande cha chungwa, pera au nanasi kikiliwa pamoja na chakula, au ndimu ikikamuliwa juu yake, mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai na kahawa huyazuia. Yafaa zinywewe walau saa moja baada ya kula. Ndagala chache zikipondwa na kutiwa katika maharage humfikia kila mlaji, na mama pia.

Haya yote hayawezekani bila msaada wa mume. Baba mwenye busara hutazama sahani ya mkewe kabla ya kumaliza yake, na hugawa kazi za kuteka maji na kuchanja kuni kati ya watoto wa kiume na wa kike, ili mama apate saa ya kupumzika. Mama naye asione haya kukata fungu lake mapema, kabla chungu hakijawa kitupu. Mama akijitunza hamnyimi mtu haki yake. Hulinda mikono inayowalisha wote.