Flamingo ana mabawa. Sisi wa Kavimvira tutaruka na nini?

Vijana wenzetu wa Uvira na wa kando yote ya ziwa,

Picha za flamingo zinajaa kwenye simu zetu: maelfu, rangi ya waridi, wamesimama majini. Flamingo mdogo anaishi kwenye maziwa ya magadi. Anapindua kichwa, anachuja maji kwa mdomo, anakula vijimea ambavyo jicho halivioni. Kule Nakuru, Kenya, ziwa lilipopanda baada ya 2010, magadi yalipungua na chakula kikapungua. Flamingo wengi wakaruka mpaka Bogoria. Hawakungoja tume ya uchunguzi.

Kwetu pia maji yalipanda. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu. 2021, tena 2024, Tanganyika iliingia ndani ya nyumba za Kavimvira na Kilomoni. Sisi hatuna mabawa. Tuna magodoro kichwani.

Wakubwa wanasema eti ni mapenzi ya Mungu. Hapana! Mvua ni ya Mungu. Hati ya parseli ndani ya matete ilitiwa sahihi na mtu, mwenye kalamu na muhuri.

Matete si pori la bure. Yanapunguza nguvu ya maji, yanashika udongo, samaki wanazalia humo, ndege wanakula humo. Ng'ambo ya mpaka, Burundi ilifanya delta ya Ruzizi kuwa hifadhi, na tangu 2002 iko kwenye orodha ya Ramsar. Mto ni ule ule, kiboko havuki na pasipoti. Congo nayo ilitia sahihi Mkataba wa Ziwa Tanganyika, Dar es Salaam, 2003. Sahihi hiyo inafanya kazi gani hapa Uvira?

Tunadai:

1. Parseli zote zilizotolewa kando ya ziwa na mito zitangazwe, pamoja na majina ya waliozitoa.
2. Hati mpya ndani ya matete zisimame leo.
3. Familia zilizofukuzwa na maji zipewe kiwanja mahali pa juu KABLA ya nyumba yoyote kubomolewa. Maskini aliyeuziwa maji si mwizi. Mwizi ni aliyemuuzia.

Na sisi wenyewe: ukitupa sashe na chupa ndani ya Kalimabenge leo, kesho usitulilie.

Flamingo akikosa ziwa moja, anatafuta lingine. Sisi tuna hili tu. Hatuhami, hatunyamazi.

Tuko pamoja.