Ufunguo Ni Amana

Mwenye ufunguo wa ghala ameshika jasho la watu. Huko Bukiriro, wilayani Ngara, kama katika kata nyingine nyingi, kahawa ya mkulima na dawa za mgonjwa hulala nyuma ya kufuli. Mali ikipotea, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole, na mara nyingi lawama humwangukia mlinzi maskini.

Siku hizi yako makabati ya umeme yatunzayo funguo. Mfanyakazi hubonyeza namba yake ya siri au huweka kidole. Kabati humpa ufunguo alioruhusiwa tu, na huandika jina, siku na saa. Chombo hicho twakisifu, maana humlinda mwaminifu kama kimfichuavyo mwizi.

Lakini twaonya. Alama ya kidole ni ya mfanyakazi mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka ikusanywe kwa sababu halali na itunzwe salama. Tena, kabati halifai kitu ikiwa mkubwa hataki kuandikwa.

Wasio na fedha za kabati na waanze na daftari: kila ufunguo na sahihi yake, tangu meneja hadi mfagiaji. Uaminifu usioweza kukaguliwa ni maneno matupu.