Diski ya Zamani Kama Ghala la Nakala za Akiba

Laptopu huweza kufa kwa ubao mama au kioo huku diski ngumu yake ikiwa nzima. Diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA huingizwa kwenye kasha la USB na kutumia umeme wa volti 5 wa kompyuta yenyewe. Ya inchi 3.5, inayotoka kwenye kompyuta ya mezani, huhitaji pia volti 12, hivyo kasha lake lazima liwe na adapta yake ya umeme.

Kabla ya kuiamini, afya yake ipimwe kwa programu inayosoma taarifa za SMART, kama CrystalDiskInfo. Idadi ya sekta mbovu zilizohamishwa ikiendelea kupanda, au diski ikigongagonga, haifai tena kutunzia kitu. Hata ikiwa nzima, ishike nakala ya pili tu. Kuhamishia humo picha za familia na kufuta za awali ni hatari kubwa mno.

Faili zilizomo zikishaokolewa, diski hufomatiwa. Mfumo wa exFAT husomeka kwenye Windows na Mac, ilhali FAT32 hukataa faili inayofikia GB 4.